Jumamosi alfajiri, Ndanda, Mtwara

Nimerudi mwezi wa kumi, mabibo, matunda ya mikorosho, yakiwa chini. Ukishuka basi Ndanda majira haya, harufu yake inakupokea kabla ya ndugu zako, tamu na yenye ukali wa kuchacha. Miaka 11 niliyokaa Ujerumani nilinunua korosho za pakiti. Hakuna hata moja iliyonukia nyumbani.

Njia yenyewe imenishangaza. Utotoni, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji tuliivuka kwa pantoni, na masika watu walilala njiani. Safari hii nimepanda basi Dar es Salaam alfajiri, jioni nikawa namwamkia mama.

Jumamosi akaniamsha saa kumi na moja. "Amka mwanangu, leo jumuiya iko kwa mama yako mkubwa." Ndiyo sala ya majirani Wakatoliki, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Tukaenda na khanga mabegani, maana ubaridi hushuka kutoka huko juu kwenye uwanda wa Makonde. Uani mikeka imetandikwa, mshumaa na msalaba juu ya stuli. "Tumsifu Yesu Kristo!" "Milele na milele, amina!" Nilikuwa sijaitikia hivyo kwa sauti kwa miaka mingi, koo likanikaba.

Mwenyekiti akanipa somo la kwanza, lile la Kitabu cha Kutoka: Waisraeli wanapigana na Waamaleki, Musa ameinua mikono mlimani. Biblia ilikuwa moja, jalada limeshonewa kitambaa cha kitenge, ikipita mkono kwa mkono. Ughaibuni nilisoma sana, kwenye treni, kitandani, kimya kimya, ukurasa baada ya ukurasa. Hapa sikumaliza hata mistari mitano. "Rudia hapo pa Haruni na Huri, mjukuu wangu," alisema babu mmoja. Nikarudia: Musa amechoka, wakamketisha juu ya jiwe, wakamshika mikono, mmoja upande huu, mwingine upande huu. Babu akanyamaza kidogo, kisha akauliza ni nani anayemshika mikono yule mama wa bondeni anayeuguza. Kabla hatujafika kwenye Injili ilikuwa imeshapangwa nani atamchotea maji, nani atampalilia. Kwangu mimi huku ndiko kusoma. Misheni ilianza hapa mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Majimaji kuzuka, na bibi zetu wengi walijifunzia herufi kwenye vitabu vya sala. Mazoea ya kusomeana yamebaki.

Baada ya sadaka na matangazo, chakula. Mama mkubwa alikuwa amechemsha ming'oko, mizizi ya porini, tangu usiku, ikatiwa chumvi, mafuta na pilipili, tukaimenya kwa vidole huku chai ya rangi inapoa. Kulikuwa na mbaazi za nazi pia. Watoto walikuwa pembeni wakichoma korosho kwenye bati lililotobolewa, moshi mweusi unawafukuza huku na huku, shangazi anawapigia kelele wasishike maganda yasije yakawababua. Nikapewa ya kwanza kubanguliwa, bado ya moto, imeungua upande mmoja. Hiyo ndiyo korosho niliyokuwa naitafuta madukani miaka yote.

Jumamosi ijayo zamu ni ya kwetu. Mama ameshachambua mbaazi, nami nimepangiwa Injili, kwa hiyo jioni namsomea kwanza yeye, polepole, maana macho yake hayaoni tena maandishi madogo.