Nilivyoacha kujiona mwizi wa maua

Kwa miaka sita nilipaka hina maharusi wa Unguja huku nikingojea siku ya kuumbuka. Naingia chumbani kwa biharusi, naketi kwenye mkeka, nashika mkono wake, na moyoni nasema: leo atatokea mama mmoja ajuaye, aseme mbele ya watu kwamba huyu hajui kitu, anaiga tu. Hakutokea. Lakini kila harusi iliyokwisha salama niliihesabu bahati.

Mie ni mtu wa Konde, Pemba. Hina nimeikuta nyumbani. Mhina uko nyuma ya nyumba, mama huchuma majani, huyaanika kivulini, huyatwanga na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi mpaka unga unakuwa laini kama poda. Nilipoolewa nikahamia Unguja, nikakuta wenzangu wanachora maua ya Kihindi na ya Kiarabu kwa koni, kile kifuko chenye ncha cha kukamulia hina, mistari myembamba kama uzi. Nikajifunza kwa kutazama kwenye simu na kujichora mapajani. Wasiwasi wangu ulianzia hapo. Sikuwa na mwalimu wala cheti, na kila ua nililochora nilikuwa nimelitoa kwa mtu. Nikiitwa msanii nilitamani kujificha.

Kila niliyemweleza alinijibu neno moja: jiamini. Namna ya kujiamini hakuna aliyenambia. Mmoja, mpambaji wa maharusi wa siku nyingi, alinipa ushauri ambao ukinijia mpaka leo napandwa na hasira. "Shoga, we unajionyesha mshamba. Pandisha bei, ukiulizwa kitu sema unakijua, na hiyo hina ya kutwanga achana nayo. Nunua koni za dukani, wataalamu wote wanatumia hizo." Nikamsikiliza.

Ikaja harusi ya watu wenye uwezo wao. Nikataja bei kama laki na nusu hivi, ilhali siku zote nilikuwa nachukua elfu 40, mara 50. Nikanunua koni dazeni moja. Harufu peke yake ingetosha kunishtua, maana hina nzima hunukia majani na ndimu, na hizi hazikunukia chochote. Mama angezitupa. Mie nikajiambia, nani mie hata nizikosoe koni za wataalamu? Nikachora tangu alasiri mpaka karibu na isha, mikono mpaka juu ya viwiko, miguu mpaka chini ya magoti. Ua alinionyesha biharusi kwenye simu yake, na aliponiuliza kama nimewahi kulichora nikasema ndiyo. Sikuwahi.

Saa nne usiku tukaibandua. Mikono ya mtoto wa watu ilikuwa rangi ya chungwa bichi linaloanza kuiva. Hina ikibanduliwa huwa hafifu, hukolea siku ya kwanza na ya pili, lakini hii kwenye vidole ilikuwa haionekani kabisa. Na kwenye kifundo cha mkono wa kulia alijigusa na dera, ua lote likatapakaa likawa doa. Ndoa ilikuwa kesho yake baada ya alasiri. Shangazi yake aliuangalia ule mkono, akaniangalia mimi, akatoka nje. Nikasema imefika ile siku.

Nikaenda uani kumpigia mama. Nilipomaliza kueleza hakunilaumu wala hakunipoza. Aliniuliza, "Ule unga niliokuletea Idi umeutia wapi?"

Ulikuwa kwangu, ndani ya kopo la maziwa juu ya kabati, miezi kadhaa sijaugusa kwa kuuonea haya.

Mume wangu akauleta kwa vespa. Nikauchanganya kwa maji ya ndimu, sukari kidogo ili ushike ngozi, na matone machache ya mafuta ya karafuu. Machache kweli, kwa sababu mafuta yale ni makali, yakizidi yanaunguza. Hina iliyochanganywa hutaka kuachwa itoe rangi, na kwa kawaida naiacha usiku kucha. Usiku ule sikuwa na nafasi hiyo, basi nikaifunika na kuiweka kando ya jiko la mkaa lililokuwa linapoa, joto liisukume. Kila baada ya muda nilijitia tone kiganjani, nikalingoja kidogo na kulifuta. La kwanza halikuacha alama. La pili halikuacha alama. La nne, saa nane za usiku, likaacha doa la rangi ya machungwa yaliyoiva, nikajua imekuwa tayari.

Nikaanza upya, mstari juu ya mstari. Biharusi alikuwa amelala, mkono wake juu ya mto. Lile ua la kwenye simu nililipita petali kwa petali, mpaka nikafika kwenye kifundo palipotapakaa. Pale hapakuwa na mstari wa kufuata, na doa lilitaka kitu kizito cha kulifunika. Nilikuwa nimeinamia mkeka, ukingo wake uko chini ya macho yangu, ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, wa rangi mbili. Mkono ukaanza kusuka. Mistari miwili ya mshazari inakwenda, mingine miwili inarudi, huu unapita juu, ule unazama chini, nafasi iliyobaki katikati naitia nukta moja. Upana wa vidole vitatu. Tangu utotoni nimekaa ubavuni mwa mama akisuka, na sikujua kwamba mkono wangu umeushika mwendo ule. Alfajiri ilipoadhiniwa nilikuwa nimekizunguka kifundo chote, na cha kushoto nikakifanya vivyo ili vifanane.

Hina nikaiacha mpaka karibu na adhuhuri, tukaikwangua kwa mafuta ya nazi bila kutia maji. Nikakaanga karafuu kavu kwenye kikaango, biharusi akapitisha mikono juu ya moshi wake. Ikatoka nyekundu ya kahawia. Haikufikia ile yenyewe, lakini ilionekana, na nikaambiwa siku ya pili ilikuwa imeiva kama kahawa.

Bibi yake mzaa baba, mtu wa Pemba naye, akaushika ule mkono akausogeza karibu na macho. "Mkeka huu," akasema. "Nani kausuka?"

"Mie, bibi."

Nilikuwa sijawahi kulijibu swali la namna ile bila kuongeza kwamba nimeona mahali.

Pesa niliwarudishia kiasi cha nusu, kwa usumbufu. Wiki ile ile nikapata kazi nyingine, na wasiwasi ukarudi kama kwamba haukuwahi kuondoka. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani ukisifiwa mara moja umepona.

Mtoto wa dada yangu, anasoma chuo kikuu hapa Unguja, siku moja alikuwa ananisaidia kujaza koni akanisomea habari za wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes. Mwaka 1978 waliandika juu ya wanawake zaidi ya 150 waliofaulu katika masomo na kazi zao, na wengi wao wakiamini wamefika pale kwa bahati au kwa kuwapumbaza wakubwa zao, iko siku watajulikana. Nikamwambia, "Hebu soma tena hapo penye bahati." Nilikuwa nikidhani maradhi haya ni ya kukosa cheti. Kumbe wenye shahada za juu wanayo.

Tangu siku hiyo nikaacha kutafuta cheti, nikanunua daftari. Kila kazi ikiisha naandika kilichoharibika na sababu yake, na nimejikataza kuandika neno lolote juu ya nafsi yangu. "Sijui kuchora" haliingii. Linaloingia ni kama hili: "Kidole cha shahada, ua la pili limejaa, tundu la koni kubwa." Kosa la tundu unalikata kwa mkasi. Kosa la "sijui" utalikata kwa nini? Kurasa za mwanzo zimejaa mistari inayotetemeka, kisha naona mistari hiyo inapungua, na huo ni mwandiko wangu mwenyewe, siwezi kuubishia.

Hili la wizi wa maua lilichukua muda zaidi. Lilinitoka Mji Mkongwe, nimekaa kwenye baraza ya watu nikimngojea mteja, mbele yangu mlango wa nakshi. Nikaufuata kwa kidole: mnyororo umezunguka fremu, chini samaki, kati mayungiyungi. Milango ya juu bapa ina mkono wa Kiarabu, ile yenye tao ina mkono wa Kihindi, na ile misumari mikubwa ya shaba asili yake ni India. Seremala wa hapa aliyachukua yote hayo akayatia kwenye mbao yake, na ulimwengu mzima unaiita milango ya Zanzibar. Nikatoa daftari nikauchora ule mnyororo. Sasa mteja akija na picha namchorea picha yake bila kinyongo, ila kifundo nakiomba kiwe changu: ukili, mnyororo wa mlango, au pindo la kanga aliyoipenda mama yake. Bado hajatokea wa kukataa.

Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, sichori. Wengi huitengeneza kwa rangi ya nywele, na nimeona ngozi ya msichana ikifanya malengelenge kwa kufuata mstari wa ua. Zamani mteja akiitaka nilikuwa naona nikikataa atajua siiwezi. Sasa namwambia hapana, na akitaka kwenda kwa mwingine namuaga kwa wema.

Juzi nimeandika hivi: "Kifundo cha kushoto, ukili umepinda upande wa ndani. Nilikaa vibaya, mwanga ulitoka nyuma." Kesho nina biharusi Mkunazini. Nimeshaulizia dirisha liko upande gani.