Tezo, nyundo, kamba

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani, baada ya umeme unaoletwa kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari kukatika. Kila duka lilikuwa na jenereta mlangoni na mji mzima ulinuka petroli. Ndani ya miezi hiyo nilikuwa nahariri filamu fupi juu ya fundi wa vyombo vya baharini wa Nungwi, kijiji cha kaskazini mwa Unguja. Usiku mmoja wa wakati ule ulinifunza kuunga picha kuliko mafunzo yoyote niliyopata kabla au baada yake.

Picha nilikuwa nazo tele. Nilianza kurikodi mkuku, ule ubao mkuu wa chini ya chombo, ulipolazwa mchangani, nikawa naenda na kurudi mpaka mashua iliposhushwa majini, na kanda za MiniDV zikajaa boksi la viatu. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyabana yote hayo yawe dakika kumi zinazotazamika.

Jirani yetu, mzee ambaye mtaa mzima tulimwita Ami, alijifunza uhariri enzi za filamu ya milimita 16, ya kukata kwa mashine ya mkono na kuunga kwa utepe. Alikuja baada ya sala ya isha, akaomba kiti, akataka aone nilipofika. Kompyuta yangu ilikuwa kongwe. Mkato mkavu, pale picha moja inapoishia na nyingine kuanza ghafla, iliuonyesha papo hapo, lakini disolvu, pale picha moja inapoyeyuka ndani ya nyingine, ilitaka kwanza kurendawa, yaani kompyuta ikae inaitengeneza picha kwa picha, na kurenda ni kula petroli ya jenereta.

"Vizuri," akasema Ami. "Basi leo tutafanya kazi ya zamani."

Tukaanza na tezo, kifaa cha fundi cha kuchongea mbao. Nilikuwa na shoti mbili: ya mbali, fundi kainamia ubao, na ya karibu, ulimi wa tezo na vibanzi vinaruka. Ukifuata mazoea, unangoja pigo limalizike ndipo ukate. Ami akanizuia. "Kata mkono unashuka, mwanangu. Jicho linaufukuza mkono, halina nafasi ya kuona kiungo." Tukaiacha shoti ya mbali pale tezo ilipoanza kushuka, tukaingia kwenye ya karibu ikiwa nusu ya njia. Ikaruka kidogo. Akaniambia nirudishe fremu mbili, yaani picha mbili kati ya zile zinazofuatana kuifanya filamu. Kwenye mfumo wetu sekunde moja ina fremu 25, kwa hiyo fremu mbili hazifiki hata sehemu ya kumi ya sekunde. Nikarudisha, nikacheza tena, na tezo ikawa na uzito wake. Niliiangalia mara nyingi kwa sababu sikuamini kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kubadilisha hisia ya pigo zima.

Kulikuwa pia na tabu ya pande. Siku nyingine kamera ilikaa kushotoni kwa fundi, siku nyingine kuliani, kulingana na jua. Ukiziunga shoti hizo moja kwa moja, fundi aliyeelekea kulia anageuka ghafla kuelekea kushoto, na anayetazama anadhani ni watu wawili wanaoelekeana. Hapo tukapachika katikati shoti ya vibanzi mchangani, isiyo na kulia wala kushoto, mambo yakaisha.

Kiungo kilichotuweka macho kilikuwa kingine: kutoka fundi akichonga peke yake hadi umati unaivuta mashua kwenda majini. Baina ya hayo mawili kuna miezi. Mimi niliona pahala hapo pana haki ya disolvu, maana kwa watazamaji wengi disolvu ndiyo lugha ya wakati kupita. Ami hakunibishia. Akanieleza tu kwamba enzi zao disolvu ilitengenezwa maabara. Mhariri alichora mstari wa mshazari juu ya filamu kwa penseli ya nta, na mpaka kopi irudi aliitazama pahala pale kama mkato mkavu. Ndivyo ilivyotokea kwenye Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, iliyohaririwa na Anne V. Coates. Lawrence anapuliza njiti ya kiberiti, na palepale tuko jangwani jua linachomoza. Pahala hapo palipangiwa disolvu. Walipotazama kazi ikiwa bado mbichi, bila ya disolvu, wakaona mkato wenyewe una nguvu zaidi, wakauacha. Leo ni miongoni mwa mikato inayofundishwa duniani kote.

"Itazame mbichi kwanza," akasema. "Ikikataa, petroli tutatafuta."

Nikaunga: tezo inapiga, watu wanavuta kamba. Ami akapiga paja kwa furaha. Mimi moyo ulikataa.

"Ami, chombo hiki hakijatiwa kalafati."

Akanyamaza. Nilikuwa nimekaa kutwa nzima na fundi anashindilia pamba yenye mafuta baina ya mbao kwa patasi na nyundo, ubavu hadi ubavu, huku akinieleza kwamba mbao nzuri bila ya kalafati ni kuni zinazoelea kwa muda. Kukata kutoka tezo moja kwa moja hadi baharini ni kumshusha mtu huyu majini na chombo kinachovuja. Mtazamaji wa mjini hatajua. Nungwi wangejua wote, na filamu ilikuwa yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Niliyasema hayo kwa heshima, lakini niliyasema yote.

Ami akaomba nimchezee sauti ya kalafati bila picha. Ko, ko, ko. Kisha sauti ya tezo. Zilikaribiana sana, tezo nzito kidogo, nyundo kavu zaidi. Hapo wote wawili tukaona njia. Tukachukua shoti ya pamba ikizama baina ya mbao na kuianzisha pale pigo la tezo lilipotakiwa kutua. Mkono unashuka na tezo, unafika ukiwa na nyundo. Mapigo matatu ya nyundo yakafuata kwa mwendo uleule wa tezo. Chini ya pigo la mwisho nikaingiza sauti za watu wanaoitikiana kwenye kamba, wakati jicho bado linaona pamba. Sauti ikatangulia kama sekunde moja na nusu, kisha ndiyo picha ya umati. Hakuna disolvu, na miezi ilipita ukaisikia inapita.

Tangu hapo ndivyo ninavyofanya. Nikiwa na viungo vigumu nafumba macho nasikiliza kwanza, kwa sababu naamini kwa dhati kwamba sikio huvuka kabla ya jicho. Ukilipa sikio daraja, jicho litafuata bila kuuliza.

Umeme uliporudi nilipeleka DVD Nungwi. Tulitazama barazani kwa fundi, televisheni imetolewa nje, watu wamejaa hadi uani. Kiungo chetu kikapita na hakuna aliyekigundua, furaha yangu nikaimeza. Fundi peke yake ndiye aliyeinua mkono.

"Rudisha hapo kwenye pamba."

Nikarudisha. Akasogea karibu na kioo, akaomba nisimamishe, akaweka kidole juu ya mshono. Akawaita wajukuu zake na kuwaonyesha ni ubao wa ngapi kutoka kwenye mkuku, na kwa nini pale patasi aliilaza.

"Hapo," akaniambia, "hapajavuja hata leo."