Siku Moja Maishani Mwangu: Hotuba Naandika Mimi, Anasoma Mwingine

Mgeni rasmi akisimama na kusema "ndugu wananchi, nimelitafakari sana jambo hili", ujue kuna mtu mwingine aliyelitafakari usiku wa manane, khanga begani, bando la intaneti likielekea ukingoni. Huku kwetu Usukumani, katika wilaya nitakayoihifadhi jina, mtu huyo ni mimi. Barua yangu ya ajira inasema afisa maendeleo ya jamii. Kazi inayonila ni maadhimisho: kutafuta takwimu, kuandika hotuba, kupanga ratiba, kuhakikisha viti vimefika na kipaza sauti hakikoromi. Mtaani wanaamini tunakwenda kula posho na kupiga picha. Basi niwapitishe kwenye 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, muone wenyewe.

Saa 10:30 alfajiri. Naisoma hotuba yote kwa sauti, mlango nimeufunga nisiamshe watoto. Kimoyomoyo haisaidii, sentensi ya mistari minne inapita vizuri machoni, ukiitamka inakukaba. Ukurasa mmoja wa maandishi ya saizi 18, mistari imeachana, unachukua kama dakika mbili kwa mwendo wa kiongozi. Ninazo kurasa tisa.

Takwimu nazikagua mara ya mwisho. Rasimu niliyoletewa na wadau ilikuwa na ile asilimia 59 ya wasichana wa Shinyanga walioolewa kabla ya miaka 18. Namba hiyo imezunguka kwenye mabango na maandiko ya miradi hadi imechakaa. Si ya uongo, ila ni ya utafiti wa afya wa 2010, na wanawake waliohesabiwa wakati ule wengine leo ni mama wa wasichana wa sekondari. Ukiitamka bila kutaja mwaka, unawalisha watu chakula cha juzi. Niliitoa, nikaweka ya mimba za utotoni kitaifa: kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19, asilimia 27 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito katika utafiti wa 2015/16, na ule wa 2022 ukakuta asilimia 22. Imeshuka. Kiongozi anapenda iliyoshuka, na mimi napenda iliyo kweli, hapo tukapatana.

Upande wa sheria ndiko kwenye mitego. Rasimu ilisema sheria ya nchi hairuhusu ndoa chini ya miaka 18. Hivyo tu, kwa mkato. Sasa, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Jambo lenye historia ya namna hiyo humpi mtu alitaje kwa sentensi moja mbele ya kadamnasi, halafu mzee mmoja anyooshe mkono. Nilimpa lililonyooka: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, ukimwoa au kumpa mimba mwanafunzi, kifungo cha miaka 30. Hilo wazee wanalielewa bila mkalimani.

Halafu kuna aya ya Soweto, Afrika Kusini, kisa kilichoizaa siku hii. Haikosekani mwaka wowote, na haipiti mwaka bila mtu kuiharibu. Safari hii maelezo kutoka kata moja yalisema 1967. Ni 1976: wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikaans, polisi wakawafyatulia risasi, na miongoni mwa waliokufa mwanzo ni Hector Pieterson, miaka 12. Umri wake niliuweka makusudi. Watoto wanaokalishwa mstari wa mbele kwenye sherehe hizi ni wa darasa la sita na la saba.

Saa 12:30 asubuhi. Uwanjani. Maturubai, viti, kitambaa cha meza kuu, maua ya plastiki, maji ya chupa, majina ya wakubwa kwenye vikaratasi, fundi muziki na "moja mbili, moja mbili" yake: yote sawa.

Saa 2:00. Watoto wanaanza kuingia kwa mistari, wengine wametembea tangu alfajiri, vumbi hadi magotini. Mwalimu ananisogelea na karatasi: "Shikamoo dada, risala tumeirekebisha kidogo." Moyo ukapiga. Risala ya watoto ndiyo hotuba inayojibiwa. Ikibadilika asubuhi, majibu yote niliyoandaa yananing'inia. Kidogo yenyewe ilikuwa aya nzima kuhusu vyoo vya shule yao: wasichana 400 na ushee, matundu 6. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Piga hesabu mwenyewe.

Haki yao kabisa. Lakini ilikuwa katikati ya Juni, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, na kifungu cha ujenzi kilikuwa kimebaki jina. Kwenye hotuba kuna maneno ya kuahidi na maneno ya kupokea, na kazi yangu ni kuyatenganisha. Niliandika: "Changamoto ya vyoo nimeipokea, na nawaelekeza wataalamu wafanye tathmini na kuiingiza kwenye mipango." Kila neno hapo limepimwa. Hakuna tarehe, hakuna kiasi.

Saa 4:00. Muda wa mgeni rasmi kuwasili kwa mujibu wa ratiba. Hajafika.

Saa 4:30. MC anaita ngonjera ambayo ilipangwa saa 5. Saa 5:00. Ngoma. Saa 5:20, ngoma tena, kikundi kile kile, wamebadilisha kofia tu. Jua la Juni huku halichomi kama la Oktoba, lakini turubai la watoto lilikuwa dogo na kivuli kilikuwa kinahama. Nikamwambia MC awasogeze kwenye turubai la wageni waalikwa, ambalo nusu yake lilikuwa tupu. Afisa mmoja wa itifaki akaja juu: hapo ni pa waheshimiwa madiwani. Nikamuuliza wako wapi hao madiwani. Akanitazama kama nimetukana. Watoto wakahamia.

Hapo simu ikaita. Msaidizi wa mgeni rasmi. Wanapiga kwa sauti ya chini wanapokuwa na habari mbaya, sijui kwa nini. Mheshimiwa ameitwa kikao cha dharura mkoani, atawakilishwa, na mwakilishi yuko njiani, nusu saa.

Mtu wa nje atasema, si hotuba ipo, abadilishe jina tu? Laiti. Mgeni rasmi wangu alinisimulia mwenyewe jinsi alivyotembea kilomita saba kwenda shule, pekupeku, daftari kiunoni mvua zikinyesha. Ukurasa wa pili wote ulisimama juu ya hiyo simulizi. Mwakilishi amekulia mjini, pwani, kila mtu anajua. Hawezi kuisoma "mimi" hiyo. Na ukiigeuza kuwa "yeye" inapoa, kwa hiyo ikatoka. Kila "nawaagiza" ikawa "amenituma niwaeleze". Nilikaa kiti cha mbele cha pikapu ya ofisi, laptopu mapajani, dereva ananishikia karatasi zisipeperuke, ndipo mwakilishi mwenyewe akapiga:

"Dada, hotuba kurasa ngapi?"

"Tisa, mheshimiwa."

"Zifanye nne. Watoto wamechoka."

Hilo la watoto kuchoka nilikubaliana naye. Ila kutoka tisa hadi nne ni kuamua nani anabaki kwenye hotuba na nani anatoka, na kila aya ina mwenyewe. Mwenye aya wa kwanza alikuwa dirishani kwangu kabla sijamaliza. Kijana wa shirika lililochangia fulana, mradi wao ulikuwa na mistari kumi na miwili, nimeifanya mmoja.

"Dada yangu, bosi wangu yuko Dar anafuatilia mubashara."

"Mmetajwa."

"Lakini idadi ya wanufaika haipo. Na jina la mradi halipo kamili."

Jina kamili la mradi lilikuwa na maneno kumi na moja. Nilimwambia asimame pembeni nimalizie, akasimama pembeni, akaendelea kuongea. Alitaka mistari mitatu. Akaomba miwili. Akaomba basi hata herufi za jina ziwe kubwa, nikamweleza kwamba herufi kubwa hazisikiki kwenye spika. Aliondoka amenuna na mpaka leo hanisalimii vizuri.

Flashi ikaenda na bodaboda steshenari. Umeme umekatika. Wakawasha jenereta, jenereta ikagoma, ikakubali. Karatasi zikanifikia bado za moto, msafara unaingia getini, vimulimuli vinawaka. Nikaandika namba za kurasa kwa peni nyekundu, kubwa, juu kulia, na sikubana na pini, maana karatasi zilizobanwa zikifunuliwa karibu na kipaza sauti uwanja mzima unasikia. Jambo la mwisho, salamu: nilikuwa nimemwandikia "Mwangaluka", na ilikuwa imeshapita saa saba. Nikafuta, nikaweka "Mwadila". Mgeni anayewaamkia Wasukuma habari za asubuhi mchana kweupe atachekwa wiki nzima.

Aliisoma vizuri, sina ubishi. Salamu ilipokelewa kwa vigelegele. Kwenye Hector Pieterson alipunguza mwendo bila mimi kumwekea alama. Miaka 30 aliirudia mara mbili na kidole juu.

Kisha akafika kwenye vyoo. Akaiweka karatasi chini. Mtu wa kazi yangu akiona karatasi inawekwa chini, tumbo linajua.

"Wanangu, mimi hayo ya tathmini siyataki. Mkifungua shule baada ya likizo, mtakuta vyoo vipya!"

Uwanja ulilipuka. Walimu walisimama. Yule mwalimu wa risala alikuwa anarukaruka kabisa, na siwezi kumlaumu, hata mimi mikono ilipiga makofi kabla akili haijafika. Mkurugenzi wetu, kutoka meza kuu, alinitafuta kwa macho hadi akaniona nyuma ya spika, na alinitazama kana kwamba sentensi ile nimeiandika mimi.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Picha za pamoja, wali ulioisha kabla ya wapiga ngoma kufikiwa, ugomvi mdogo wa hesabu ya viti, mwandishi wa redio anayetaka "nakala ya hotuba kama ilivyotolewa". Nilimpa kurasa nne nikamwambia la vyoo asikilize kwenye rekodi yake. Miguu ilikuwa imevimba viatu vikagoma kutoka.

Nyumbani nilikuta kundi la WhatsApp la wilaya limejaa pongezi. "Hotuba fupi yenye nyama." "Kiongozi anayejua takwimu." Nilisoma zote, moja baada ya nyingine, nikanywa chai.

Saa mbili usiku ujumbe wa mkurugenzi ukaingia: "Andaa dokezo la vyoo, mezani kwangu saa moja na nusu asubuhi. Onesha chanzo cha fedha." Nikafungua tena laptopu. Wasichana 400, matundu 20 yanahitajika, yapo 6, pungufu 14. Kwenye chanzo cha fedha niliandika mapato ya ndani, nikafuta, nikaandika nguvu za wananchi na wadau. Halafu nikaitafuta namba ya yule kijana wa fulana.