Siku moja maishani mwangu: kazi ya kulinda geti

Nikiwaambia ndugu zangu kwamba huku Marekani nafanya kazi na chama cha wafanyakazi wa ujenzi, wanadhani nalipwa kupiga kelele. Ningekuwa tajiri. Kazi yangu hasa ni kukodolea geti macho.

Saa 11 alfajiri. Nagawa mabango kwa mafundi 6 wa jipsamu ambao hawajalipwa wiki 5. Juu limeandikwa jina la kampuni yao. Chini, kwa herufi ndogo, kwamba hatuna ugomvi na mwajiri mwingine yeyote pale. Herufi hizo ndogo ndizo zinazotuokoa. Mwaka 1951, katika kesi iliyotoka Denver, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mkandarasi mkuu na kampuni ndogo zilizo chini yake ni waajiri tofauti, hata kama wanajenga jengo moja. Ukigombana na mmoja ukamkaba na jirani yake, umevunja sheria.

Ndiyo maana kuna mageti mawili. La kampuni ya jipsamu liko uchochoroni, karibu na mapipa ya taka. La wengine wote liko barabara kuu. Eti imetokea tu hivyo. Sisi tunasimama kwenye mapipa, isipokuwa kampuni ya jipsamu ikipitisha watu au mizigo yake geti la mbele. Hapo geti limechafuka, nasi tunaweza kuhamia.

Alhamisi iliyopita lori lake lilipita mbele. Nikapiga picha, nikaandika kwenye daftari, tukahamia. Mkandarasi akalalamika.

Saa 3 asubuhi, mahakamani. Sheria ya Norris-LaGuardia ya 1932 iliwafunga mikono majaji wa shirikisho wasitoe zuio hovyo kwenye migogoro ya kazi, lakini Bodi ya Taifa ya Mahusiano ya Kazi, chombo cha serikali ambako mkandarasi alipeleka malalamiko yake, inaweza kuliomba, na mwenye malalamiko anaruhusiwa kuja na wakili wake. Huyu wa leo alikuja na daftari langu.

"Umeandika lori lilipita saa 12:40?"

"Ndiyo."

"Kamera ya getini haioneshi lori lolote saa 12:40."

Moyo ukanidondoka. Nilikuwa nimeandika saa ya Kiswahili. Nikaanza kumweleza jaji kwamba kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa 12:40 asubuhi ndiyo 6:40 yao, na picha yangu inaonesha hivyo hivyo. Wakili akauliza kama saa yangu imekosea kwa saa 6. Nikamwambia haijakosea. Akauliza kama kurasa nyingine nazo ni hivyo, au nachanganya nikipenda. Tukapitia daftari zima, ukurasa kwa ukurasa, mimi nasoma, mwandishi wa mahakama ananikatiza nirudie, jaji anahesabu kwa vidole chini ya meza akidhani hatumwoni. Saa nzima na ushee. Lori lenyewe, na zile jipsamu zilizopangwa juu yake kama vitabu, lilitajwa mara mbili tu.

Uamuzi kesho.

Sikumbuki vizuri mchana ulikwendaje. Foleni, simu, wakili wetu akinisihi niandike kama watu wengine.

Nilirudi kwenye mapipa miguu ikiwaka moto. Mzee mmoja fundi, Mkongomani, alikuwa ameegemeza bango begani kama jembe.

"Mdogo wangu, jaji amesema tutalipwa lini?"

Hii ni mara ya tatu ananiuliza. "Mzee wangu, yule anaamua mambo ya geti tu. Madai ya mshahara yako ofisi nyingine, yana faili lake."

"Kwa hiyo mumeshinda kutwa nzima mnazungumzia geti?"

"Na saa."

Akanitazama, akacheka kidogo bila furaha, akahamishia bango bega la pili. Sikuwa na la kumwongezea. Bila bango pale, faili lile lingelala kabatini na mkandarasi asingejua hata sura zao; hilo naliamini, ila si jambo la kumwambia mtu anayedaiwa kodi.

Likatokea lori la jipsamu, likapunguza mwendo mbele ya geti la barabara kuu, likasita, kisha likakunja kuja uchochoroni kwetu. Nikafungua daftari. Saa 12:10 jioni. Pembeni, kwa herufi ndogo: 6:10.