Mpini niliouvua nguo nne

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa pili, ule mwezi ambao Dar ukitoka kuoga unaanza kutoka jasho kabla hujamaliza kujifuta. Tulikuwa tunacheza wawili wawili kwenye ukumbi mmoja wa Upanga, madirisha yote yamefungwa. Asiyeijua badmintoni hushangaa watu wazima wanajifungiaje ndani kama samaki wa kubanika, lakini kinyoya chenyewe, kile tunachokipiga badala ya mpira, kina uzito wa gramu tano hivi, na kaupepo kokote ka baharini kanakipeleka kanakotaka. Kwa hiyo hakuna dirisha, hakuna feni. Niliruka kupiga smashi, lile pigo kali la kushusha chini. Mkono ukashuka, raketi haikushuka nao. Ilipita pembeni ya sikio la mwenzangu, ikajipigiza ukutani, fremu ikapasuka.

"Dada, kama nakudai uniambie tu," akasema mwenzangu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nilikuwa natetemeka. Sentimita chache tu na tungekuwa tunatafuta bajaji ya kwenda hospitali.

Mwaka mzima kabla ya siku ile nilikuwa na maelezo yangu: mikono yangu inatoka jasho kupita ya wengine. Si uongo. Shuleni madaftari yangu yalikuwa yanajikunja kwenye pembe kwa unyevu wa kiganja. Basi kila raketi ilipoanza kuteleza nilinunua gripu mpya, ule ukanda wa kufunika mpini, na kuizungushia juu ya ile ya zamani. Sikuwahi kuvua hata moja. Kwa akili yangu, gripu ilikuwa kama kandambili za msikitini, nyingi ndiyo usalama.

Na majaribio mengine sikuyaacha. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu Kimara alinikatia ukanda wa tyubu, ule ule wanaofungia mizigo kwenye keria. Ukiwa mkavu unanata vizuri mno. Dakika kumi baadaye jasho likishaingia, ni kama kushika kambare, na mkono unatoka mweusi kama wa muuza mkaa. Nikajaribu poda ya mtoto, hiyo ndiyo kabisa, maana poda imetengenezwa ili ngozi iteleze. Mtu akaniambia wanamichezo wanapaka chaki. Nikaomba kipande kwa jirani yangu mwalimu, nikakisaga. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba chaki ya wanyanyua vyuma na wanasarakasi ni magnesiamu kaboneti, inayonyonya unyevu, na ile ya ubaoni mara nyingi ni jasi. Mimi nilijitengenezea plasta mkononi.

Kwenye ukumbi wetu yuko mzee mmoja ambaye wote tunamwita Anko. Amezaliwa Upanga, magoti hayamruhusu tena kucheza zaidi ya seti moja, na ukimpa nafasi atakusimulia jinsi Prakash Padukone alivyochukua All England, yale mashindano makubwa ya badmintoni ya Uingereza, mwaka 1980, Mhindi wa kwanza kufanya hivyo, kana kwamba yeye Anko ndiye aliyembebea begi. Siku ile aliniita benchi. "Lete hiyo maiti, binti," akasema, akichukua raketi iliyopasuka. Hakuangalia fremu hata kidogo. Aliushika mpini, akaguna.

Akaniambia nifumbe macho. Akanipa raketi yangu, akaizungusha mkononi mwangu mara mbili tatu, akauliza uso wake unaelekea wapi. Nikajibu, nikafumbua macho, nimekosea karibu nusu ya duara. Akanipa ya kwake, akafanya vilevile. Safari hii nilijua bila kufikiri.

"Hesabu kona za mpini wangu."

Zilikuwa nane. Mpini wa raketi ya badmintoni si wa duara, una pande nane, nyingine pana, nyingine nyembamba, na vidole vinazisoma kona hizo bila wewe kujua. Kidole gumba kikikaa kwenye upande mpana unajua uko tayari kupiga kwa mgongo wa mkono. Kikikaa kwenye kona ya juu, uko tayari kwa pigo la mbele. Mpini wangu mimi ulikuwa umeshakuwa mchi. Kona zimezikwa chini ya gripu juu ya gripu, na kwa sababu vidole havikupata pa kusoma, nilikuwa nabana kwa nguvu zangu zote muda wote. Anko akasema raketi hushikwa kama unavyoshika kifaranga, unafumba kiganja pale tu inapokutana na kinyoya, kisha unaachia. Mtu anayebana muda wote misuli inachoka, kiganja kinapata moto, jasho linaongezeka. Yale maumivu ya kiwiko niliyokuwa nayalaumu meza ya ofisini yakaanza kunipa picha nyingine.

Alitoa kisu kidogo akaanza kuvua. Ya kwanza nyeusi, ya pili nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ya tatu ilikuwa imenata na ya pili zikatoka pamoja kama ngozi ya nyoka. Harufu iliyotoka sitaieleza. Ya nne ilikuwa gripu ya kiwandani, na chini yake, karibu na kitako, kipini kidogo cha chuma kimeshika kutu hadi mti ukapata doa. Ukungu wa kijivu ulikuwa umeanza kutambaa. Wachezaji wawili walisogea kuangalia, mmoja akaziba pua.

Raketi mpya nilinunua mwisho wa mwezi, na safari hii nilitazama kitu ambacho sikuwahi kukitazama: herufi na namba ndogo zilizoandikwa pale mpini unapoanza, kwenye koni. Kwa kampuni ya Yonex, namba ya G ikiwa kubwa mpini unakuwa mwembamba, kwa hiyo G5 ni mwembamba kuliko G4. Usidhani kila kampuni inahesabu hivyo, shika kwa mkono wako kwanza. Muuzaji aliniambia G4 na G5 ni kitu kimoja, "tofauti ni stika tu, dada." Nikamshukuru, nikachukua G5. Mkono wangu ni mdogo, na mpini mwembamba unaweza kuunenepesha kadiri utakavyo, ila mnene huwezi kuupunguza bila kuuchonga mti, kazi ambayo nisingempa hata seremala ninayemwamini.

Hapo nikaanza kujenga upya. Gripu ya kiwandani niliivua siku ileile, jambo lililomuuma sana mume wangu, aliyeona naharibu kitu kipya kwa makusudi. Gundi ilibaki kwenye mti. Nilisugua kwa kitambaa chenye matone machache ya mafuta ya taa, ikatoka, ila siku tatu raketi ilinuka kama jiko la Mchina. Ukiwa na spiriti, tumia hiyo. Kisha nikauacha mpini ukauke usiku mzima kabla ya kuufunika, maana unyevu ukishafungiwa ndani ndiko ukungu unakoanzia.

Gripu ziko za aina mbili kuu, na kwenye maduka mengi ya mjini utakuta zimechanganywa kwenye ndoo moja. Kuna nene, yenye gundi kwa ndani, hiyo inakaa juu ya mti moja kwa moja badala ya ile ya kiwandani. Na kuna ovagripu, nyembamba, unene wake karibu milimita 0.6, haina gundi isipokuwa kautepe ka kumalizia juu, nayo imekusudiwa kukaa juu ya nyingine. Mimi nilizungusha ukanda mwembamba wa sponji juu ya mti, halafu ovagripu moja. Basi. Kona zote nane nazisikia.

Mara ya kwanza nilivyofunga mwenyewe, ovagripu iliteleza kuliko zote nilizowahi kutumia. Nikaenda kwa Anko nimekasirika, nikamwambia nimeuziwa feki. Akaikwaruza kwa ukucha, ikatoka karatasi laini ya plastiki, mita nzima na zaidi. Nilikuwa nimefunga pamoja na ganda lake. Alicheka mpaka akakaa chini, na hadi leo nikifika na gripu mpya ananiuliza kama nimeimenya.

Kufunga kwenyewe kuna namna yake. Unaanzia kitakoni, kwenye ile ncha iliyochongwa nyembamba, unazunguka mara moja kamili palepale ili kitako kiwe na ukingo unaozuia mkono, halafu unapanda. Mkono mmoja unavuta ukanda, mwingine unazungusha raketi. Ukivuta sana gripu inakonda na kuchanika mapema, ukilegeza inajikunja wakati wa mchezo. Mimi nasogeza kila mzunguko upandie uliotangulia kidogo tu, milimita mbili tatu, kwa sababu ukipandisha nusu kwa nusu umeshajitengenezea tabaka mbili na uko palepale tulipotoka. Anayetumia mkono wa kushoto azungushie upande wa pili. Kipimo changu cha unene ni hiki: nikifumba kiganja, ncha za vidole zikaribie nyama ya chini ya kidole gumba bila kuikandamiza. Zikiizamia, mpini ni mwembamba. Zikiwa mbali, ni mnene.

Mume wangu, ambaye baada ya kununa naye ameanza kucheza, amechagua gripu ya taulo. Ni kitambaa cha pamba chenye nywele kama taulo la kuogea, na kwa unyonyaji wa jasho hakuna inayoifikia. Ubaya wake ni kwamba ni nene, hivyo lazima ikae juu ya mti mtupu. Na kwa hewa hii yetu haikauki upesi, hivyo inanuka mapema na nywele zinalala zikawa ngumu. Yeye ana raketi mbili anazopokezana, ndiyo maana anaimudu. Mara moja aliokoa pesa akampa fundi cherehani taulo kuukuu alikate ukanda wa sentimita mbili na nusu na kulipiga ovaloki. Ilifaa wiki mbili. Mshono wa ovaloki ulimtoa lengelenge la kukumbukwa.

Lakini kama ningeruhusiwa kumwambia mtu wa Dar jambo moja tu, lisingekuwa la gripu. Lingekuwa la kile kitambaa cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Nilikuwa nadhani jasho lote linatoka kiganjani, kumbe sehemu kubwa inateremka kutoka begani na kwenye kigasha, inafuata mkono mpaka kwenye mpini kama maji ya mvua yanavyofuata mfereji. Nilipovaa kitambaa, gripu ambayo ilikuwa inaisha kwa wiki mbili ikaenda mwezi. Sasa nabeba viwili, cha pili nakivaa katikati ya jioni, na taulo dogo la kufuta mikono kila kinyoya kinapobadilishwa.

Utunzaji hauna mengi. Nikimaliza nafuta mpini kwa kitambaa kikavu. Sabuni sitii, inakausha ule mnato. Safari ya mwendokasi kutoka mjini hadi Kimara jioni ni ndefu, na zamani raketi ilikuwa inasafiri ndani ya begi pamoja na fulana iliyolowa, kisha inalala humohumo mpaka Alhamisi. Sasa fulana inaingia kwenye mfuko wake, zipu ya begi naiacha wazi kidogo upande wa mpini, na nikifika nyumbani raketi inatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani. Juani siianiki, kuna mwenzetu aliianika juu ya bati, gripu ikayeyuka gundi yake yote. Napobadilisha, navua ya zamani kwanza, kila mara, hata kama ni usiku na nimechoka. Dalili ninayoiangalia ni pale kidole gumba kinapokaa: pakianza kung'aa, siku zake zimeisha hata kama kwingine kote bado panaonekana papya.

Ile maiti Anko hakunirudishia. Aliikata shingo, akaufunga mpini wake ovagripu vizuri, na sasa umetundikwa pale benchi kwa kamba. Mgeni yeyote akija na raketi yenye mpini kama mchi, anafumbishwa macho na kupewa ule kwanza.