Nilivyoacha kukesha na muhtasari wa kikao

Mimi ni katibu wa chama chetu cha akiba na mikopo hapa Morogoro. Kwa miaka mitatu niliandika kikao kwenye daftari, kisha usiku nakaa kukichapa upya kwenye kompyuta. Kuandika hakukunichosha, mpangilio ndio ulionitesa. Tuko kwenye Yatokanayo, mjumbe anasimama na jambo la Mengineyo, Mwenyekiti anamwachia, baadaye tunarudi tulipotoka. Kurasa zangu zilijaa mishale.

Sasa naandika moja kwa moja kwenye OneNote ya kompyuta, programu ya Microsoft ya kuandikia madokezo. Kabla ya kikao naweka ajenda zote, kila moja na mstari wake. Mjumbe akichangia, nabonyeza Enter halafu Tab, hoja yake inaingia chini ya ajenda. Akijibiwa, Enter na Tab tena. Shift pamoja na Tab hurudisha mstari nje hatua moja.

Lakini kilichoniokoa hasa ni kukunja na kuhamisha. Jambo likisemwa si mahali pake, naliandika papo hapo, sihangaiki. Mjadala ukipoa nasimama kwenye mstari wake, nalikunja kwa Alt, Shift na alama ya kutoa, yaani mistari iliyo chini yake inajificha, kisha nashikilia Alt na Shift huku nikibonyeza mshale wa chini mpaka lifike Mengineyo. Majibu yote yaliyo ndani yake yanahama nalo. Kukunja kwanza ni muhimu, usikuruke. Na kama kompyuta yako ina lugha mbili za kibodi, usibonyeze Alt na Shift ukaachia bila mshale: Windows inaweza kubadili lugha, ukashangaa herufi zimehama.

Mwenyekiti akiuliza, "Katibu, tumebakiza nini?" nabonyeza Alt, Shift na 1. Vinabaki vichwa vya ajenda tu. Kwa 0 badala ya 1, kila kitu kinafunguka.

Maazimio nayawekea kisanduku kwa Ctrl na 1. Lililotekelezwa linapata tiki; yasiyo na tiki ndiyo Yatokanayo ya kikao kijacho, sihitaji tena kuyasaka kwenye kurasa za nyuma.

Sikuyashika yote kwa siku moja. Nilibandika karatasi pembeni ya skrini, njia moja kila kikao, nikianza na Tab.

Mwezi uliopita tulifunga kikao saa kumi na moja jioni. Kabla ya magharibi, Mwenyekiti alikuwa anausoma muhtasari kwenye simu yake.