Sawa ya Vidole Viwili

Nilipowaaga wenzangu kazini kwamba nakwenda kuzamia, mmoja wao alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini nitapanda meli gani. Kosa si lake. Mtaani mzamiaji ni mtu anayejificha kwenye shehena avuke bahari bila karatasi, au anayeingia ukumbini kwenye shughuli ambayo hakualikwa. Nikamweleza: nina tiketi, nina chumba, nina cheti cha kupiga mbizi nilichokisotea. Siku 5 kisiwani, mbizi mbili kila asubuhi, narudi. Akasema sawa, kwa ile sawa ya mtu ambaye hajaamini.

Likizo yenyewe nilikuwa nimeiwekea akiba kwa zaidi ya mwaka, na hilo nalitaja mapema kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kisiwa kilikuwa kidogo, unakizunguka kwa miguu kabla nywele hazijakauka. Siku tatu za kwanza zilikwenda kama zinavyokwenda siku njema, yaani sizikumbuki kwa mpangilio. Nakumbuka sauti ya pono wakitafuna matumbawe, krach, krach, kama watu wanaokula barafu chumba cha pili. Sauti majini inasafiri kasi mara nne kuliko hewani, kwa hiyo masikio yanashindwa kujua inatoka upande gani. Unageuka huku na huku kumtafuta pono ambaye yuko mbele ya pua yako. Nakumbuka pia kucha zangu. Nilizipaka rangi nyekundu kabla ya safari, na siku ya kwanza, tukiwa mita 15 chini, nikaziona kwenye mikono yangu zimekuwa za kahawia iliyochujuka, kama za mtu mwingine. Mwanga mwekundu ndio unaomezwa na maji kabla ya rangi nyingine. Tulipopanda zikarudi nyekundu, nami nikafurahi kama mtoto aliyerudishiwa kitu chake.

Mwenza wangu wa mbizi alikuwa mzee mstaafu kutoka Uholanzi. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza. Juu ya maji tulitabasamiana tu. Chini tulielewana kuliko watu wengi ninaoongea nao kila siku. Huko lugha ni ya mikono, na ina mitego yake. Kidole gumba ukikiinua hujasema mambo safi, umesema tupande juu. Ukitaka kusema uko salama, unaunganisha kidole cha shahada na gumba, unatengeneza duara, vingine vitatu vinasimama. Hiyo ndiyo sawa. Ni swali na ni jibu: anakuonyesha wewe unamrudishia. Mwongozaji wetu, kijana mwembamba asiye na maneno mengi, alikuwa akituuliza sawa kila baada ya dakika chache, na alikuwa haendelei mpaka ajibiwe.

Usiku wa kuamkia siku ya nne pua ikaziba.

Kwa asiyepiga mbizi, mafua ni jambo la kero tu. Kwa anayezama ni habari nyingine. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na ule wa anga nzima iliyo juu ya kichwa chako. Nafasi za hewa zilizomo kichwani, nyuma ya kiwambo cha sikio na ndani ya mifupa ya paji la uso, lazima zijazwe hewa zaidi ili zisifinywe. Ndiyo maana mzamiaji anabana pua na kupuliza taratibu: anasukuma hewa ipite kwenye mrija mwembamba unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni. Ukiwa na mafua mrija huo umevimba. Yote haya niliyajua. Niliyajibu kwenye mtihani, nikapata.

Asubuhi nilikuwa mbele ya kioo na kichupa cha dawa ya kupuliza puani. Nikapuliza tundu la kulia, la kushoto, nikarudia. Baada ya dakika kumi nikabana pua, masikio yakafunguka, pop pop. Nikajiambia nimepona. Nilikuwa nahesabu: mbizi nne zimebaki, mwaka mzima wa kujinyima, na kesho yake ndiyo mwisho.

Tulipokuwa tunafunga mitungi, mwongozaji akapita kwa kila mmoja. “Dada, umeamkaje? Mafua, kikohozi, masikio?”

“Niko poa kabisa.”

Akaniuliza tena boti ilipotia nanga. Nikamjibu vile vile, nikamgeuzia mgongo nisije nikapenga kamasi mbele yake. Yule mwenzangu wa kazini angeniona hapo angecheka: nimeingia bila kadi.

Mbizi ya kwanza ilikwenda vizuri, na hilo ndilo jambo baya lililonipata siku ile. Tulimwona ng'amba, kasa mwenye mdomo kama wa kasuku, amejibanza kwenye ufa anang'oa sponji na kumeza, mabaki yanaelea, samaki wadogo wanayagombania usoni pake naye hajali. Nilikaa naye dakika tano nzima. Kama ningekuwa nimeumia kwenye mbizi ile ningepumzika. Badala yake nilipanda botini nimevimba kichwa, na kwa saa nzima ya mapumziko, tukingoja miili itoe sehemu ya naitrojeni iliyoingia damuni, sikukumbuka hata mara moja kwamba dawa ya pua ina muda wake. Ikiisha nguvu, uvimbe unarudi, wakati mwingine kuliko ulivyokuwa.

“Masikio, dada?” aliuliza mara ya tatu, mapezi mkononi.

“Hayana neno.”

Mbizi ya pili tulishuka mita 16. Kushuka kulikuwa kwa taabu kidogo, nilibana pua mara nyingi kuliko kawaida, ila nilifika. Sina la kusimulia la huko chini. Nilikuwa nimeshughulika na kichwa changu. Baada ya nusu saa mwongozaji akainua kidole gumba, tukaanza kupanda polepole tukifuata mteremko wa matumbawe.

Watu wengi hudhani hatari ya masikio iko kwenye kushuka tu. Kifaa kile cha kupumulia, ambacho Jacques Cousteau na Émile Gagnan walikitengeneza huko Ufaransa mwaka 1943, kazi yake ni kukupa hewa yenye mgandamizo sawa na wa maji yaliyokuzunguka. Kwa hiyo hewa niliyokuwa nimeisukuma sikioni kule mita 16 ilikuwa imebanwa zaidi ya mara mbili na nusu ya hewa ya juu. Ukipanda, inataka kutanuka, na itatanuka upende usipende. Kawaida inatoka yenyewe hata huna habari. Ila mrija ukishavimba, inakosa pa kutokea.

Mita 9. Sikio la kulia likaanza kujaa. Si maumivu bado, ni kama mtu yuko ndani anaegemea mlango. Mwongozaji akageuka: sawa?

Nikaunganisha vidole viwili. Sawa.

Mpaka leo mkono wangu nauona, kucha zile za kahawia, duara zuri kabisa, vidole vitatu vimesimama kama kwenye picha ya kitabu. Na wakati huo huo sindano ilikuwa imeshaingia juu ya jicho.

Mita 7 dunia ikageuka. Mapovu yangu, ambayo muda wote yalikuwa yanapanda, nikayaona yanakwenda ubavuni. Matumbawe yakasimama wima. Sikio moja likiachia hewa na jingine likikataa, ubongo unapata habari mbili zinazogombana, na unaamua kwamba unazunguka. Nikashika maji, kana kwamba maji yanashikika. Mholanzi ndiye aliyeniwahi. Alinikamata mkono kwa nguvu ambayo sikutegemea kwa mzee wa umri ule, na mkono wake mwingine akamwashiria mwongozaji.

Safari hii nikatikisa kiganja, kushoto kulia: kuna shida. Nikagusa sikio.

Mwongozaji akashika mkanda wa koti langu, akaniangalia machoni kupitia vioo viwili, akageuza gumba. Tushuke.

Sijui kama naweza kueleza jinsi mwili unavyokataa amri hiyo. Juu kulikuwa karibu, naona hata tumbo la boti. Geji yangu ya hewa ilisoma baa 60 za mgandamizo, na mtungi tuliuanza na 200. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinapiga kelele kwenda kwenye mwanga. Akaona macho yangu yamekwenda kwenye geji, akanionyesha ya kwake, 110, kisha akagonga mara mbili kile kifaa cha akiba cha njano kilichoning'inia kifuani kwake. Yaani hewa ipo, yangu na yako. Hesabu ile niliifanya baadaye nikiwa nimekaa: mtungi wa lita 12 ukibaki na 50 una lita 600 za hewa, na kwenye mita 6 mtu aliyetulia hazimalizi kwa robo saa. Kijana aliifanya pale pale kichwani.

Tukarudi mita 9. Maumivu yakalegea, kama mtu kaondoa bega mlangoni. Akaanza kutembeza taya lake la chini, kulia kushoto, kulia kushoto, taratibu, mfano wa ngamia anayecheua. Nikamwiga. Mholanzi naye, sijui kwa huruma au kwa kuzoea, akaanza kucheua. Watu wazima watatu tumening'inia katikati ya maji tunacheua, kundi la samaki linapita na kutuzunguka. Nikimeza mate sikuyapata, maana hewa ya mtungi ni kavu na inakausha mdomo. Nikijaribu kubana pua, alinipiga kofi dogo la mkono: hapana. Kupuliza kungeongeza hewa mahali ambapo shida ni hewa iliyozidi.

Tulipanda kwa nusu mita nusu mita. Tukipanda, sikio likikaza, tunashuka kidogo, tunacheua, tunangoja. Kwenye mita 6 nikasikia mlio mwembamba mrefu, kama puto linaloachia upepo huku mdomo wake umefinywa, na kitu kikalegea kutoka sikioni mpaka kwenye taya. Nikalia. Kulia ndani ya miwani ya kuzamia si jambo zuri, machozi hayana pa kwenda. Halafu nikahisi uvuguvugu puani, na maji yaliyokusanyika chini ya kioo yakaanza kuwa ya kahawia.

Akaniuliza sawa. Nikangoja kwanza, nikajisikiliza, ndipo nikajibu.

Dakika tatu za kusimama mita 5, zile za usalama, tulizimaliza, kisha juu. Kichwa kilipotokeza kwenye jua, ile kahawia ikawa nyekundu tupu.

Botini hakunigombeza. Alinivua mtungi, akanipa taulo, akawaambia wengine ni mshipa wa pua, mambo ya kawaida. Tulipofika gatini, watu wameshaondoka na yeye anasuuza vifaa kwenye pipa la maji baridi, akaniita.

“Dada, mafua yameanza lini?”

“Jana usiku.”

“Nilikuuliza mara ngapi?”

“Mara tatu.”

“Mara nne.” Akaining'iniza suti yangu kwenye kamba, akaikunjua mikono. “Mwanzoni nilikuuliza kwa mdomo, ukanidanganya. Hayo nimezoea, kila mtu ana likizo yake. Ya nne nilikuuliza chini, ukanijibu kwa mkono. Dada, mimi huko chini sina kingine. Nina mikono yenu tu.”

Sikuwa na jibu. Nilisema samahani, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusuuza.

Daktari aliangalia akasema kiwambo hakijapasuka, ila ndani kuna damu. Mbizi hakuna, kwa wiki kadhaa. Na ndege? Wazamiaji husubiri saa 18 kabla ya kuruka hata wakiwa wazima, baada ya siku kadhaa za mbizi mfululizo; mimi akaniambia nipite tena kwake asubuhi ya safari ndipo aamue. Aliniruhusu, kwa masharti, na kutua kule sikutaki hata kukukumbuka.

Ila siku ya tano nilikuwa bado kisiwani, na chumbani nilishindwa kukaa. Nikaomba niende na boti hivyo hivyo, mkavu. Walipokwisha kuzama wote tukabaki mimi na nahodha, mzee wa makamo aliyekuwa hazungumzi na wageni zaidi ya salamu. Akazima injini. Kimya. Sikio la kulia lilikuwa linasikia kama lipo ndani ya chungu.

“Njoo huku mbele, mwanangu,” akasema. “Unaona mapovu?”

Nilikuwa sijawahi kuyaona kutoka upande huu. Yanatokea kama maji yanayoanza kuchemka, duara moja hapa, jingine pale, yanasogea pamoja kufuata mwamba ambao huuoni.

“Wangapi?”

Nikahesabu. “Wanne.”

“Wamezama watano. Angalia vizuri.”

Nikaangalia mpaka macho yakauma. Mapovu ya Mholanzi ndiyo yalikuwa yamenipotea: alikuwa anapumua polepole mno, povu lake lilichelewa kiasi kwamba nilikuwa nimeshahama kabla halijafika. Mzee akaniambia huyo ndiye anayempa kazi kila siku. Basi tukagawana, yeye akachukua wanne, mimi nikabaki na Mholanzi wangu, nangoja, povu, nangoja, povu.

Karibu na boti maji yakafunguka, kichwa cha kasa kikatokeza, kikapuliza kwa nguvu. Akavuta pumzi moja, akatutazama kwa jicho la pembeni, akainama, akashuka. Hakubana pua wala nini.

“Mwenzako yule,” nahodha akasema, “hajazi fomu.”

Nikacheka, sikio likauma, nikarudi kwenye mapovu yangu.